Ukisoma Urusi ya Stalin, tandaza ramani mpaka Mongolia

Kila nikifundisha kidato cha sita mkataba wa Stalin na Hitler wa kutoshambuliana, wa Agosti 1939, swali huwa lile lile: mkomunisti na mnazi walielewanaje? Majibu ya wanafunzi huanzia Berlin na kuishia Warsaw. Anayeisoma mada hii, kwa mtihani au kwa hamu yake tu, namshauri agawe karatasi safu mbili, magharibi na mashariki, kisha apange tarehe.

Safu ya mashariki ndiyo inayosahaulika. Agosti 20, Zhukov, jenerali wa Urusi, aliwashambulia Wajapani kwa nguvu zote kwenye mto Khalkhin Gol, Mongolia. Agosti 23, Ribbentrop, waziri wa mambo ya nje wa Hitler, alikuwa Moscow akitia saini mkataba na Molotov, mwenzake wa Urusi. Siku tatu tu! Na tangu 1936 Ujerumani na Japani zilikuwa na mkataba wa kuipinga Komintern, muungano wa vyama vya kikomunisti ulioongozwa na Moscow. Hofu ya Stalin ya kupigana pande mbili haikuwa ya kubuni.

Safu ya magharibi, anza 1934, Urusi ilipoingia Shirikisho la Mataifa (lililotangulia Umoja wa Mataifa), Litvinov akiwa kamishna wa mambo ya nje. Mwaka uliofuata ikafunga mikataba na Ufaransa na Chekoslovakia. Hapa soma masharti: Urusi ingewajibika kuwasaidia Wacheki endapo tu Ufaransa ingetangulia. Munich, Septemba 1938, Hitler alipokubaliwa kuchukua sehemu ya Chekoslovakia, Ufaransa haikutangulia, na Stalin hata hakualikwa. Mei 1939 Litvinov akaondolewa. Agosti, Uingereza na Ufaransa zikatuma ujumbe wa kijeshi Urusi kwa meli ya mwendo wa pole, na Admirali Drax wa Uingereza akafika bila hati ya kumpa mamlaka ya kujadiliana. Hapo huacha darasa licheke kwanza.

Ila usigeuke wakili wa Stalin. Mwanafunzi akiniandikia kwamba "alilazimishwa", humuuliza Estonia ilimtishia nini. Mkataba ule ulikuwa na itifaki ya siri ya kugawana Poland na nchi za Baltiki, na Moscow iliikana hadi 1989. Mimi huko siiti kujihami.

Safu ya mashariki nayo usiikatize Khalkhin Gol. Ifikishe Aprili 13, 1941, Moscow na Japani zilipoahidiana kutoingiliana vitani. Wajerumani walipovamia Juni 22, Japani haikuushambulia mpaka wa Siberia, na baadhi ya vikosi vya huko vikaletwa kuilinda Moscow.