Maswali ya Wasomaji: Kioo cha Game Boy Kilichogeuza Rangi

SWALI: Ninayo Game Boy ya kwanza, mashine ya michezo ya mkononi ya Nintendo, ile ya kijivu. Kwa kuwa kioo chake hakina mwanga wake chenyewe, nilibandua karatasi ya nyuma, nikaweka taa ya LED na polaraiza (karatasi ya kuchuja mwanga) mpya. Sasa peusi pamekuwa peupe na peupe pamekuwa peusi. Je, nimeharibu kioo? Naambiwa nikate nyaya mbili, ni zipi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, kioo chako ni kizima. Polaraiza hupitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu, na ukiiweka kwa kuizungusha nyuzi 90, sehemu zilizokuwa zikizuia mwanga huupitisha na zilizokuwa zikiupitisha huuzuia. Ungeweza kuizungusha tena yakaisha, lakini nakushauri uiache ilivyo na ugeuze ishara zinazokwenda kwenye kioo, kwa sababu weusi unaopatikana kwa njia hiyo hukolea zaidi, jambo lenye faida kubwa kwenye kioo cha mwaka 1989 chenye vivuli vinne tu.

Vivuli hivyo vinne husafirishwa na nyaya mbili za data, ambazo mafundi huziita LD0 na LD1, zinazopita katika waya bapa unaounganisha bodi kuu na bodi ya kioo. Ishara hizo hugeuzwa na aisi (chipu) ya 74HC04, yenye vigeuzi sita, nawe unahitaji viwili. Usikate njia za shaba kwenye bodi, kwani kuzirudisha ni kazi ngumu. Yeyusha risasi ya kulehemu kwenye miguu ya LD0 na LD1 ya kiunganishi cha bodi ya kioo, uinyanyue taratibu ili isiguse bodi. Mguu ulionyanyuliwa wa LD0 uunganishe na mguu wa 1 wa aisi, kisha mguu wa 2 uurudishe mahali palipoachwa wazi kwenye bodi. LD1 iingie mguu wa 3 na itokee wa 4. Mguu wa 14 hupokea volti 5, na wa 7 huenda kwenye graundi (volti 0), pamoja na miguu ya kuingizia ya vigeuzi visivyotumika, yaani 5, 9, 11 na 13.

Kabla ya kulehemu waya wa volti 5, pima kwa mita, kwa maana kwenye kiunganishi hichohicho hupita pia volti hasi ya kuendesha kioo, ambayo ikiigusa aisi itaiunguza. Betri ziwe nje wakati wote wa kulehemu nyaya hizi.

Ukishamaliza, ukiona mistari ya wima isiyoonyesha kitu, usiilaumu aisi. Mara nyingi ni gundi ya utepe ulio kwenye ukingo wa chini wa kioo iliyoachia, na hurekebishwa kwa kupitisha chuma cha kulehemu chenye joto la wastani juu ya utepe huo, huku mashine ikiwa imewashwa ili uone mistari ikirudi.