Kwa nini mshipa wa damu hukataa kulegea?

Swali: Daktari, nimegundulika kuwa na shinikizo la juu la damu, na nimesoma kwamba mishipa hulegezwa na oksidi ya nitriki, gesi ambayo mwili hujitengenezea. Gesi inayotoweka kwa sekunde chache hufanyaje kazi hiyo? Na kwa nini nisipewe vile vidonge vya kuweka chini ya ulimi, ambavyo nasikia huitoa gesi hiyohiyo?

Jibu: Kutoweka upesi ndiko kunakoifanya gesi hii ifae, kwa kuwa mahitaji ya damu hubadilika kila dakika na mshipa uliolegezwa hauna budi kuweza kukaza tena mara moja. Safari yenyewe ni fupi mno. Ndani ya kila mshipa kumetandazwa safu moja tu ya seli, endothelia, ambayo damu huisugua inapopita. Msuguano huo huamsha kimeng'enya kinachochukua arginini (kijenzi kimojawapo cha protini) na oksijeni na kutoa oksidi ya nitriki, nayo hupenya hadi kwenye msuli laini ulio jirani na kuchochea utengenezaji wa kijumbe kiitwacho cGMP. Kijumbe hicho hupunguza kalsiamu ndani ya seli ya msuli, na msuli hulegea. Gesi inayoangukia upande wa damu humezwa papo hapo na himoglobini.

Jambo hili lilifichuliwa na hitilafu ndogo ya maabara. Mwanasayansi wa Marekani Robert Furchgott alikuwa akipima vipande vya aota ya sungura, yaani mshipa mkuu utokao moyoni, na asetilikolini, kemikali ya neva iliyojulikana kushusha shinikizo katika mwili mzima, ilivikaza badala ya kuvilegeza. Ikabainika kwamba vipande visivyolegea ni vile ambavyo uso wake wa ndani ulikuwa umesuguliwa wakati wa kuvitayarisha, hata endothelia ikabanduka. Aliyachapisha hayo mwaka 1980 pamoja na John Zawadzki, na mwaka 1998 akatunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Louis Ignarro na Ferid Murad.

Sasa tuje kwenye hali yako. Katika shinikizo la juu la damu, mara nyingi tatizo kubwa ni kwamba gesi huharibiwa kabla haijafika kwenye msuli. Homoni ya angiotensini II huchochea ukuta wa mshipa kutoa superoksidi, aina ya oksijeni yenye kudhuru, ambayo huidaka oksidi ya nitriki na kuigeuza kuwa peroksinitriti. Zao hilo nalo huharibu kiambata ambacho kimeng'enya hukitegemea, na kimeng'enya kilichokipoteza huanza kutoa superoksidi chenyewe. Shinikizo likishakuwa juu huzidi kuiumiza endothelia, kwa hiyo chanzo na matokeo hulishana. Hasara yake si ndogo: kipenyo cha mshipa kikipungua kwa asilimia 10 tu, damu inayopita kwa shinikizo lilelile hupungua kwa takriban theluthi moja. Hata hivyo nisingependa uione gesi hii kuwa ndiyo kisa kizima, kwani figo na chumvi zina sehemu yake kubwa.

Vidonge unavyovitaja ni vya nitroglisirini. Hulegeza zaidi vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, kuliko ateri ndogo zinazoamua shinikizo, nguvu yake ni ya muda mfupi, na dawa za jamii hiyo zikitumiwa mfululizo mwili huzizoea zikaacha kufanya kazi. Ni dawa nzuri kwa maumivu ya kifua yanayotokana na moyo, lakini si ya kutuliza shinikizo siku hadi siku. Nakusihi pia usizichanganye kamwe na sildenafili (Viagra), dawa ya nguvu za kiume, ambayo huzuia cGMP isivunjwe. Zikikutana, shinikizo linaweza kuporomoka hadi kuhatarisha maisha. Arginini ya vidonge nayo siipendekezi, kwa kuwa kwa kawaida mwili haujapungukiwa nayo.

Dawa zinazozuia angiotensini hukata mnyororo huo mahali panapofaa, maana hupunguza superoksidi na kuiacha gesi yako mwenyewe ifike kwenye msuli. Kuacha sigara husaidia kwa njia hiyohiyo. Mazoezi nayo huongeza kasi ya damu, hivyo msuguano huongezeka na endothelia hutengeneza kimeng'enya zaidi, ila faida hiyo hufifia ukiacha kuyafanya. Endelea na dawa ulizoandikiwa, na umuulize daktari wako kama mojawapo ni ya kundi hilo la kuzuia angiotensini.