Kikundi cha kuacha pombe kilikuwa dakika kumi kutoka kwangu, mimi nikapanda daladala mbili kukikwepa

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia meseji saa tisa usiku: "Kaka habari, nimeacha pombe mara nne na zote nimerudi, kikundi naogopa kwenda maana mtaani kwetu wananijua, nifanyeje?" Niliisoma asubuhi nikakaa kitandani kimya, huyu ni mimi kabisa wa miaka mitatu iliyopita. Na Jumapili hii nimetimiza miaka mitatu bila kugusa hata tone, namshukuru Mungu, kwa hiyo dada nakujibu hapahapa ili na wengine wasome.

Mimi nilianzia kwenye viroba, ile pombe kali ya vipakiti, enzi zile kabla serikali haijavipiga marufuku Machi 2017. Nilikuwa naficha kwenye soksi, asubuhi naingia bafuni nafungulia bomba ili mke wangu asisikie, nachana kile kipakiti kwa meno nameza chote kwa mkupuo ndio mikono iache kutetemeka niweze kufunga vifungo vya shati. Tulikuwa tunaita kuzimua. Viroba vilipopigwa marufuku tukahamia kwenye vichupa na gongo, basi. Kazi ikaenda, mke akarudi kwao na watoto, na kaka yangu mkubwa akasema kwenye kikao cha ukoo, mbele ya wazee, "huyu tumhesabu amekufa." Jumapili alinipigia kunipongeza nikamshukuru, ila lile neno bado lipo kifuani, sitawadanganya.

Nesi wa kliniki ya afya ya akili ndiye aliyenielekeza kwenye AA (Alcoholics Anonymous), vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Aliniambia vipo vikundi viwili, kimoja kinakutana chumba cha nyuma ya kanisa, dakika kumi kwa miguu toka kwangu, kingine upande wa pili wa mji. Nikachagua cha mbali. Aibu tu, nilitaka nipone bila mtu kujua niliumwa. Nikaenda mara nne, mvua zikaanza, foleni, nauli, nikakosa wiki moja, nikakosa ya pili, na ya tatu nikashuka pale kituo cha kubadilishia gari ambapo kuna baa tatu zimepangana, sikupanda gari la pili.

Nilivyozinduka kutoka kwenye ule ulevi ndio nikajiuliza, hivi hawa majirani nawaficha nini? Si ndio walewale walioniokota mtaroni wakanipakia kwenye toroli mpaka mlangoni? Walishaniona nimelala kwenye maji machafu, halafu naogopa wanione naingia mahali pa kupona!

Jumanne nikaenda kile cha karibu. Viti vya plastiki vimezungushwa, chupa ya chai ya tangawizi mezani, na pembeni amekaa fundi cherehani wa mtaani kwetu, mzee aliyewashonea wanangu sare za shule. Kumbe ana miaka sita hajanywa na mimi napita mbele ya kibanda chake kila siku. Hakushangaa wala hakuuliza kitu, alisogeza kiti akasema "karibu mwanangu." Baadaye ndiye akawa sponsa wangu, yaani yule mtu unayemwambia ukweli kiu ikikushika. Na sikilizeni hapa, kibanda chake kiko katikati ya kituo cha daladala na baa niliyokuwa nakunywa. Kila jioni lazima nimpite. Zipo siku nilikuwa naelekea baa kabisa, nikamsalimia shikamoo mzee, akanipa kigoda, nikakaa mpaka saa tatu usiku tunaongea habari za vitambaa. Kikundi cha mbali kingenipa nini saa hiyo?

Wako wanaosema AA ni mambo ya Wazungu. Ni kweli ilianzia Akron, Ohio, Marekani mwaka 1935, dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, walevi wote wawili, wakagundua mlevi anamsikiliza mlevi mwenzake. Sasa hilo lina Uzungu gani? Ada hakuna, wanapitisha kapu unaweka ulichonacho au huweki, sharti ni moja tu, uwe unataka kuacha. Mungu anatajwa ila kila mtu kwa anavyomfahamu, kwetu tunakaa Waislamu na Wakristo.

Acheni kuchagua kikundi kama mnachagua ukumbi wa harusi. Ulizia kliniki ya afya ya akili ya hospitali iliyo karibu, ulizia parokiani, ulizia soba hausi, zile nyumba wanakokaa waraibu wakipona. Walioko Kenya pigeni 1192 ya NACADA, mamlaka yao ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni bure. Pasipo na kikundi kabisa kuna mikutano ya AA kwa Zoom, na mke au mume wa mlevi ana kikundi chake, Al-Anon. Lakini kama unakunywa kila siku usikate ghafla peke yako nyumbani, pitia hospitali kwanza. Mimi siku ya pili nilianguka degedege nikang'ata ulimi, dokta akasema ningeweza kufa.

Dada yangu, nenda cha karibu. Kaa kiti cha jirani na mlango kama hofu ni nyingi, hulazimishwi kuongea, mimi wiki tatu za mwanzo nilitaja jina tu. Ukitoka huko niandikie, hata iwe saa tisa usiku.