Jibu la swali la wiki: mbwa mmoja kwa mtoto mmoja

Mhariri, mmeuliza dola kubwa inaangushwa na adui wa nje au wa ndani. Najua wengi watakimbilia siasa za juzi juzi, mi ngoja niende mbali kidogo, kwa Wagothi (makabila yaliyoishi kaskazini ya mto Danube, Ulaya) na Warumi, maana hapo tumekaririshwa kuwa Wagothi ni washenzi walioibuka tu porini wakaivunja Roma. Sio hivyo. Wagothi hawa walikuja kama wakimbizi, tena walipiga hodi.

Ni mwaka 376. Wahunni (sio wahuni wa kijiweni, hawa ni wapanda farasi kutoka mashariki huko, ingawa jina limewakaa) wamewasukuma Wagothi mpaka ukingo wa mto Danube, ng'ambo ni himaya ya Roma. Kina Fritigern na Alavivus wakatuma ujumbe kwa Kaisari Valens, yuko zake Antiokia, wakaomba wavuke na wakaahidi kutoa vijana wa jeshi. Valens akafurahi, askari wa bure hao. Basi wakavushwa usiku na mchana kwa mitumbwi, kwa maboya, kwa magogo yaliyochongwa, mto umejaa mvua na wengine wakazama, na makarani waliotumwa kuwahesabu wakashindwa.

Sa hapa ndo penyewe. Wakubwa wawili waliokuwa zamu pale, Lupicinus na Maximus, badala ya kuwalisha watu wakaona hii dili. Ammianus Marcellinus, mwanajeshi mstaafu wa jeshi hilo hilo la Roma, yaani sio Mgothi anayelalamika, ameandika kuwa walikusanya mbwa kila kona wakawa wanawauzia wenye njaa, mbwa mmoja kwa mtumwa mmoja. Na mkimbizi mtumwa anamtoa wapi? Anamtoa mtoto wake. Hata watoto wa machifu walienda kwa bei hiyo. Yaani mzee mzima anarudi kambini na kamba ya mbwa mkononi, mtoto aliyekuja naye hayupo, na huyo mbwa mwenyewe ni wa kula leo tu, kesho njaa iko pale pale. Mi kila nikifika hapo nafunga kitabu kwanza.

Alafu Lupicinus huyo huyo akawaalika viongozi wao chakula cha jioni mjini Marcianople, watu wao wamezuiwa nje ya kuta, wakagombana na askari, na mwenyeji akaamuru walinzi wa wageni wauawe. Fritigern akachomoka. Kuanzia hapo ni vita, na tarehe 9 Agosti 378 pale Adrianople (siku hizi Edirne, Uturuki) Valens akaingia vitani bila kumsubiri mpwa wake Gratian aliyekuwa njiani na jeshi, askari wametembea toka asubuhi juani hawajala, Wagothi nao wamechoma nyasi makusudi moshi uwapige. Theluthi mbili ya jeshi la Roma ikaisha. Mwili wa Kaisari haukuonekana mpaka leo.

Ungedhani wamejifunza. Baada ya hapo jenerali mmoja, Julius, akatuma barua za siri kwenye miji ya mashariki, Wagothi waliokuwa tayari wameandikishwa jeshini wakaitwa kiwanjani waje kuchukua mshahara, wakachinjwa wote siku moja. Siku ya mshahara jamani!

Mkataba ulikuja 382, wakapewa ardhi na kazi ya kupigana, ila ukiangalia kazi yenyewe, vita vya mto Frigidus mwaka 394, Warumi kwa Warumi, Kaisari Theodosius aliyemrithi Valens aliwatanguliza mbele, inasemekana wakafa 10,000, na padri mmoja Orosius akaandika kuwa kuwapoteza hao ilikuwa faida. Mmoja wa waliopona ni Alaric. Huyo ndo aliyekuja kuwa kiongozi wa Wagothi.

Alaric kwa miaka hakuwa anataka kuivunja Roma, alikuwa anataka cheo, nafaka na sehemu ya watu wake kukaa, kama mtu anayedai malimbikizo kila akienda anaambiwa njoo kesho. Mwaka 408 Stilicho, jenerali pekee wa Roma aliyekuwa anaelewana naye, akauawa kwa amri ya Kaisari Honorius, na kwenye miji ya Italia wake na watoto wa askari wa kigeni wakauawa. Waume zao, wanasema 30,000, wakaenda moja kwa moja kwa Alaric. We ungeenda wapi?

Alaric akauzunguka mji wa Roma mpaka wakakubali kulipa: dhahabu ratili 5,000, fedha ratili 30,000, kanzu za hariri 4,000, na pilipili manga ratili 3,000, ndio, hii hii ya kwenye pilau, karibu tani nzima, imetoka India kwa jahazi. Dhahabu haikutosha wakayeyusha sanamu, ikiwemo ya Ushujaa. Na humo humo watumwa wakawa wanatoka mjini kidogo kidogo kujiunga naye, inatajwa 40,000. Miaka 32 imepita toka biashara ya mbwa.

Hata mwaka uliofuata alishusha dau mwenyewe, akaomba jimbo moja la pembezoni na nafaka tu, Honorius aliyejificha Ravenna akakataa. Usiku wa 24 Agosti 410 Wagothi wakaingia kupitia lango la Salaria, na lango halikuvunjwa, lilifunguliwa. Mwanahistoria Procopius, aliyeandika zaidi ya miaka mia baadaye, ana maelezo mawili: moja la vijana 300 ambao Alaric aliwatoa zawadi kama watumwa kwa wakubwa wa Roma, wakasubiri siku yao. La pili ni la mama mmoja tajiri, Proba, Mrumi wa ukoo mkubwa kabisa, ambaye aliona watu wanakufa njaa mitaani mpaka wanaanza kulana, akawaambia watumishi wake usiku waende wakafungue.