Barua kwa mwanangu: vitabu vibaki au viondoke?

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliupata juzi usiku, nikausoma mara mbili. Umeniuliza kwa adabu, lakini bila kuzunguka: "Mama, siku hizi kila kitu kiko kwenye simu. Hivi vitabu vyote unaviweka vya nini?" Najua umechoka kuvibeba kila ninapohama. Nimeona nikujibu kwa barua, maana kwa simu ungenikatiza.

Kwanza nikutoe wasiwasi: mimi si adui wa intaneti. Nimefanya kazi ya ukutubi miaka thelathini, na sisi tuliopanga kadi za katalogi kwa mkono, moja moja, ndio tunaojua jambo hili ni kubwa kiasi gani. Msomaji akitaka kitabu tusichokuwa nacho, niliiandikia barua maktaba nyingine, nikasubiri wiki, pengine miezi, halafu jibu likaja: kimeazimwa. Leo msomaji huyo huyo angepata alichokitaka kabla hajavuta kiti.

Ngoja nikupe mfano ninaoupenda kuliko yote. Kuna Biblia ya Kigiriki iliyoandikwa kwa mkono juu ya ngozi katika karne ya 4, inaitwa Codex Sinaiticus. Ilitunzwa katika monasteri ya Mtakatifu Katarina, Sinai, mpaka karne ya 19 ilipoanza kutawanyika. Sasa karatasi zake 347 ziko London, 43 ziko Leipzig, vipande vingine viko St Petersburg, na nyingine zimebaki pale pale monasterini. Kama shamba la urithi, kila mmoja na upande wake. Basi mwaka 2009 taasisi hizo nne zikaweka picha za kurasa zote kwenye tovuti moja, na kitabu kikawa kizima tena bila hata karatasi moja kusafiri. Niliifungua usiku mmoja, nikakuza picha mpaka nikaona mahali ambapo mtu alirudi kusahihisha kosa la mwenzake. Kigiriki sijui hata neno. Machozi yalinitoka kidogo, usicheke. Mkutubi wa zamani angehitaji nauli ya kwenda nchi nne na barua za utambulisho ili aone nilichokiona nikiwa kitandani.

Kwa hiyo usitegemee nikuambie kitabu ni bora. Na ile habari ya harufu ya karatasi siisemi. Wanaosifu harufu ya vitabu ni wale wasiovifuta vumbi.

Ninachokiogopa ni kitu kingine. Mwaka 1086, kwa amri ya mfalme William wa Kwanza, Uingereza iliandika kitabu cha kuorodhesha ardhi, wenye ardhi, mpaka majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Kinaitwa Domesday Book. Mwaka 1986, ilipotimia miaka 900, BBC na wenzake wakatengeneza kipya, cha kisasa: picha, ramani, na maelezo ambayo watoto wa shule waliyaandika kuhusu maeneo yao, vyote vikawekwa kwenye diski za leza. Haikupita miaka 20, mashine za kuzisoma zikawa adimu, na wataalamu wakahangaika kuyaokoa yaliyomo. Tatizo halikuwa diski kuoza. Ni mashine zilizopitwa na wakati. Kile cha 1086 kipo bado, na anayekifungua anahitaji macho na Kilatini tu.

Lakini huna haja ya kwenda mbali hivyo. Kumbuka mashairi yako. Ulikuwa chuoni, ukayaweka yote kwenye ukurasa wako, ukaniambia huna haja ya daftari. Siku moja wenye tovuti wakafunga. Onyo lao lilikwenda kwenye barua pepe uliyokwisha kuiacha. Tulikaa pamoja tukautafuta ukurasa ule katika Internet Archive, hazina inayonakili kurasa za wavuti tangu 1996, tukaukuta wa mbele tu: jina lako, picha ya machweo, na viungo visivyofunguka. Hukusema kitu jioni ile, ila nilikuona.

Sasa turudi kwenye rafu. Ensaiklopidia ile yenye juzuu nyingi, chukua yote. Idadi za watu zilizomo humo ni za kabla hujazaliwa, na kwa mambo kama hayo mimi mwenyewe naingia Wikipedia, ingawa nashuka kwanza mpaka chini kutazama marejeo kabla sijaamini; mazoea ya kazi hayo. Riwaya nilizosoma mara moja, zigawe. Vitabu vya kompyuta alivyonunua baba yako, marehemu, navyo vimeshapitwa. Toa, ila kile alichoandika pambizoni kwa penseli kiache. Hakuna mashine ya kutafuta itakayonirudishia ubishi wake na mwandishi, tena ukurasa wa 40 alikosea yeye.

Kamusi kubwa usiiguse. Siyo kwa sababu ya maneno; maneno nayatafuta kwenye simu kama wewe. Wakati ule wa chuo nilikwenda ofisini mapema siku moja, nikachapisha kwa printa mashairi yako matatu, nikayakunja, nikayaweka humo, kwenye herufi M. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa umesema hutaki mtu ayachapishe. Yapo mpaka leo, wino umefifia kidogo tu. Ukija Jumamosi na maboksi, lete manne, na ukitaka kuyasoma nitakuonyesha.

Mimi mama yako