Mchanga mweusi wa Kunduchi: ni nini, na unautenganishaje

Mleta uzi, umesema mwanao wa miaka tisa amerudi kutoka ufukwe wa Kunduchi, hapa Dar es Salaam, na sumaku ya spika iliyoota manyoya meusi. Unauliza ni kitu gani, kama kinauzika, na kama kina madhara. Wadau wawili hapo juu wamekujibu kuwa ni kutu ya meli zilizozama. Sio kutu, wakuu. Huu ni mwaka wa saba naokota mchanga huo, Kunduchi, Ununio na ng'ambo kule Mjimwema, hivyo naomba nijibu kwa urefu.

Manyoya yale ni magnetaiti, oksidi ya chuma ambayo hakuna madini ya asili yanayoshikwa na sumaku kuizidi. Asili yake ni miamba ya bara. Mvua inaimomonyoa, mito inakokota chembe hadi baharini, kisha mawimbi yanapepeta. Ukitaka kuelewa, mwangalie mama anavyopepeta mchele kwenye ungo: chepesi kinaruka, kizito kinabaki. Wimbi likirudi linaondoka na mchanga mweupe, ule mweusi unabaki umejilaza kwa mistari. Niliwahi kujaza chupa mbili za maji za nusu lita, moja mchanga mweupe mkavu, nyingine mweusi niliokwisha kuusafisha, nikaomba mizani ya duka la mtaani. Mweupe ulikuwa kama gramu 800. Mweusi ulikaribia kilo moja na nusu. Mwenye duka alidhani nimeweka madini ya risasi.

Siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, usijisumbue, utarudi na kijiko kimoja. Subiri bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, hasa wakati wa upepo wa kusi kuanzia Juni hadi Agosti, bahari inapopiga kwa nguvu. Nenda asubuhi maji yakiwa yamekupwa, na usishuke chini kwenye tope. Tembea juu, pale maji yalipoishia yalipojaa, chini ya kingo zilizoliwa na mawimbi na karibu na midomo ya mito. Ukiona mchanga una rangi kama ya unga wa mkaa na unang'aa kidogo juani, hapo hapo. Kwangua juu tu kwa kifuu au kipande cha sahani. Ukichimba kwa chepe unachanganya upya kile ambacho bahari imeshakutenganishia.

Sasa sumaku. Kosa langu la mwanzo ndilo alilofanya mwanao: niliichomeka tupu mchangani. Chembe zilijisokota kila upande, nikakaa jioni tatu nazitoa kwa utepe wa gundi na hazikuisha. Ile sumaku ilikuwa ya neodimiamu, nimeitoa kwenye diski (hard disk) mbovu niliyopewa na fundi kompyuta Kariakoo; ngozi yake ya nikeli ilichubuka, maji ya chumvi yakaingia, baada ya mwezi ikawa inamomonyoka kama biskuti. Tangu hapo sumaku yangu inavaa nguo. Naiweka ndani ya karatasi ya mkate, ile laini ya nailoni, naikunja vizuri. Nikipitisha juu ya mchanga chembe zinashika nje ya karatasi. Nikifika kwenye beseni navuta sumaku kutoka ndani, zinaanguka zote mara moja kama mvua. Mwanao ataipenda sehemu hiyo.

Ukifika nyumbani osha kwa maji ya bomba mara tatu au nne mpaka maji yasiwe na ladha ya chumvi, kisha anika kwenye sinia. Mzigo wangu wa kwanza niliufungia kwenye kopo ukiwa bado na unyevu. Nilipofungua ulikuwa jiwe jekundu. Magnetaiti yenyewe haina haraka ya kuoza hivyo. Kilichoshika kutu ni vipande vya chuma cha binadamu vilivyojichanganya, vumbi la kusaga vyuma na cheche za kulehemu. Fukwe zote zenye mafundi wa boti zina vitu hivyo. Chukua kioo cha kukuzia: cheche za kulehemu ni vidude vya duara kabisa, na vumbi la kusaga limejikunja kama kucha zilizokatwa. Chembe za asili zimelika pembe, na mara chache utapata iliyosalimika, yenye nyuso nane kama piramidi mbili zilizounganishwa kitako. Ya kwanza niliyoipata ninayo hadi leo kwenye kichupa cha plastiki, na kila mgeni anayekuja nyumbani lazima aione.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mchanga mweusi sio kitu kimoja. Tandaza kijiko kimoja, mkavu kabisa, kwenye karatasi nyeupe. Chukua sumaku dhaifu, ile nyeusi ya spika, ishike juu kwa umbali wa vidole viwili. Kitakachoruka ni magnetaiti. Itandaze upya na urudie, maana zikishikana zinabeba na abiria. Utashangaa kuona bado umebaki mchanga mweusi mwingi ambao sumaku ya spika haiugusi kabisa. Sasa leta ile yenye nguvu, isogeze karibu mpaka karibu iguse. Chembe zinaanza kujivuta taratibu, kwa uvivu, zinateleza badala ya kuruka. Hiyo ni ilmenaiti, chuma na titaniamu pamoja. Pamoja nayo zitakuja chembe chache za waridi zinazopitisha mwanga: ganeti. Zinazogoma hata hapo, ndogo, nyeupe za kung'aa au nyekundu iliyokolea, mara nyingi ni zirkoni na rutaili. Kutoka kijiko kimoja umepata vilima vitatu, na ulichotumia ni sumaku mbili na umbali tu.

Kuhusu kuuza. Ni kweli madini haya yana soko. Kutokana na ilmenaiti hutengenezwa ile rangi nyeupe inayotiwa kwenye rangi za ukutani, na jirani zetu wa Kwale, Kenya, wameisafirisha kwa meli kuanzia 2014 hadi mgodi ulipofungwa mwishoni mwa 2024. Hata Fungoni, hapa hapa Kigamboni, pamefanyiwa utafiti. Lakini biashara hiyo ni ya maelfu ya tani. Kopo lako halina mnunuzi, na anayekuambia analo soko la kilo mbili anataka nauli yako. Isitoshe, Sheria ya Madini ya 2010 iko wazi: madini ni mali ya Jamhuri, na kuchimba ni kwa leseni. Kuokota kikombe kwa ajili ya kujifunza ni jambo moja, kujaza viroba ni jingine kabisa. Na Kunduchi bahari imekula ufukwe vya kutosha; tusiisaidie.

Madhara: mchanga wenyewe usimtie hofu, ila asiupulize akavuta vumbi, na asilale nao kitandani, kwa sababu mchanga mzito wa pwani unaweza kuwa na monazaiti kidogo, yenye thoriamu ambayo hutoa mionzi. Weka kopo kwenye stoo. Hatari kubwa, na hapa nakuomba unisikilize kama mzazi mwenzangu, ni sumaku ndogo zenye nguvu. Mtoto akimeza mbili zinavutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Kama ana mdogo wake, zihesabu kila mnapomaliza.

Mimi upenzi huu sikuuanzia baharini. Nimekulia Upareni, mkoani Kilimanjaro, na baada ya mvua tulikuwa tunaona mistari hii hii meusi kwenye vijito. Babu alituambia ndiyo waliyokuwa wanaiokota Washana, ukoo wa wafua chuma wa Ugweno, huko huko Upareni. Waliiosha, wakaiyeyusha kwenye tanuru za udongo kwa mkaa na mivukuto, wakapata majembe na mikuki. Nilikuja kuthibitisha baadaye kwamba watafiti wa mambo ya kale wamezichunguza takataka za tanuru hizo na kukuta titaniamu ndani yake, alama ya mchanga huu. Kwa hiyo mwanao akikuuliza mchanga huo una kazi gani, unalo la kumwambia.

Bamvua ijayo nitakuwa Ununio asubuhi na mapema na sumaku zote mbili. Mje naye, aje na kijiko na karatasi nyeupe. Kioo cha kukuzia ninacho.