Sefti ya bunduki ya bolti inazuia nini hasa?

Mkuu, umeuliza mambo mawili: sefti (kizuizi cha usalama) ya bunduki ya bolti, ile unayoifungua na kuifunga kwa mkono kila risasi, inazuia nini, na kwa nini yako ililia "ta!" ulipoitoa kwenye sefti wakati kidole hakikuwa kwenye triga. Naanza na la pili kwa sababu ndilo la hatari. Usiiwekee risasi tena mpaka fundi wa bunduki aifungue. Nasema hivi kwa kuwa yalinikuta mimi mwenyewe.

Bunduki yangu ya kwanza ya kuwindia niliinunua ikiwa imetumika, nje inang'aa kabisa. Mzee aliyenifundisha shabaha aliipokea, akafungua bolti, akaingiza kidole chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kuhakikisha hamna kitu, akafunga, akaweka sefti, kisha akavuta triga kwa nguvu. Kimya. Akatoa kidole, akasukuma sefti mbele kwa gumba. Ta! Pini ikaruka. Mwili ulinisisimka, maana wiki moja kabla nilikuwa nimetembea na bunduki hiyohiyo, risasi ikiwa chemba, mwenzangu akiwa mbele yangu.

Ili uelewe kilichotokea, fuata chuma kimoja baada ya kingine. Ndani ya bolti kuna pini iliyozungukwa na springi nene. Ukikoki, yaani ukifungua na kufunga bolti, springi inabanwa na mkia wa pini unakamatwa na kipande kidogo kinachoitwa sia. Kwenye bunduki nyingi za kisasa sia hiyo nayo inazuiwa isishuke na triga iliyo chini yake, na pale vinapogusana ni ukingo juu ya ukingo, chini ya milimita moja. Ukivuta triga, ukingo unaponyoka, sia inashuka, pini inachomoka na kugonga fataki ya risasi. Basi mtengenezaji ana mahali patatu pa kuweka kizuizi: kwenye triga, kwenye sia, au kwenye pini yenyewe.

Inayozuia triga peke yake ndiyo dhaifu kuliko zote. Triga haisogei, sawa, lakini ule ukingo mwembamba bado unabeba nguvu yote ya springi. Kama umelika, au mtu alipunguza uzito wa triga kupita kiasi, bunduki ikianguka kwa kitako mshtuko unaweza kuutelezesha na sefti ikiwa imewekwa.

Inayozuia sia ni bora, na ndiyo ya bunduki yangu ile. Ukiweka sefti, kijichuma kinainyanyua sia isiiegemee triga tena, na triga inabaki huru kucheza. Sasa angalia ujanja wake ulipo: triga ikivutwa wakati sefti imewekwa, lazima irudi mahali pake kabla hujaitoa sefti. Isiporudi, sia ikishushwa inakuta pale chini patupu, na bunduki inajifyatua. Fundi alipoifungua yangu alikuta mafuta ya miaka mingi yamekuwa kama gundi ya kahawia. Springi ya triga ni nyembamba, ikashindwa kuisukuma triga irudi. Hakuna kilichovunjika. Alisafisha, akakausha, akairejesha, na nimeitumia miaka mingi tangu siku hiyo. Ulivyoeleza yako, kitufe cha sefti kikiwa ubavuni nyuma ya mkono wa bolti, nahisi ni ugonjwa huohuo. Inaweza pia kuwa skrubu za triga zilichezewa na mwenye nayo wa kwanza, ndiyo maana fundi lazima aione.

Inayozuia pini ndiyo ninayoipenda. Mfano wake mkubwa ni bunduki ya Kijerumani ya Mauser ya mwaka 1898. Nyuma ya bolti kuna kibawa: kikilala kushoto, bunduki iko tayari kufyatua, kikisimama, pini imeshikwa lakini bolti inafunguka, kikilala kulia, pini imeshikwa na bolti imefungwa. Ukikizungusha taratibu ukiwa umeitazama kwa nyuma, utaona mkia wa pini ukivutwa nyuma kidogo, ukiiachia sia. Bunduki ya Kimarekani ya Winchester Model 70 ya mwaka 1936 ilichukua wazo hilo la hatua tatu. Ile hatua ya kati si pambo. Kwenye sefti ya hatua mbili inayofunga bolti, huwezi kutoa risasi chemba bila kwanza kuweka bunduki kwenye hali ya kufyatua, na hapo ndipo ajali nyingine huanzia. Ile isiyofunga bolti nayo ina shida yake: ukipita vichakani tawi linainua mkono wa bolti, na ukifika mnyama alipo unakuta chemba imefunguka.

Kuna pia ulimi mwembamba katikati ya triga, kama kwenye AccuTrigger, triga ya bunduki za kampuni ya Savage. Huo unaizuia sia isipitilize iwapo itaponyoka bila kidole kuubonyeza. Unasaidia bunduki ikianguka, lakini hauchukui nafasi ya sefti ya kawaida. Na bunduki ya Blaser R93 ilikwenda njia tofauti kabisa: springi haibanwi mpaka usukume kitufe kwa gumba ukiwa karibu kufyatua. Springi isipobanwa, pini haina nguvu ya kugonga chochote.

Kipimo cha yule mzee nakifanya kila baada ya kusafisha, hata kwenye Mauser, kwa sababu sia isiporudi nayo inaweza kufanya vilevile. Risasi zote ziwe chumba kingine, chemba ikaguliwe kwa jicho na kwa kidole, mtutu uelekee pasipo na mtu. Koki, weka sefti, vuta triga kwa nguvu, achia, toa sefti: isilie. Vuta triga: ilie. Rudia ukiisimamisha sefti nusu njia, maana baadhi hufeli hapo tu. Mwisho funga bolti kwa kishindo mara tano au sita, bila kugusa triga. Pini isiponyoke hata mara moja.

Kuhusu mafuta: usipulizie ya kuzuia kutu ndani ya triga, hata kama chupa imeandikwa ni ya bunduki. Yanakauka na kuganda. Mimi nasafisha kwa petroli ya viberiti vya zamani vya kujazwa petroli, ile inayoruka haraka, kisha naiacha kavu. Na ule ukingo wa sia usiguswe na tupa wala msasa. Ugumu wake uko kwenye tabaka jembamba la juu, ukilitoa umebaki na chuma laini kinacholika upesi.

Ukifika kwa fundi mweleze kwa mpangilio kilichotokea: uliweka sefti lini, triga iliguswa au haikuguswa katikati, na ililia sefti ikiwa imefika mwisho au ikiwa njiani. Hayo matatu yatamwonyesha aanzie wapi.